Jinsi ya Kuchagua Feleji ya Kutengenezea Beringi: Sifa za Kudai na Namna ya Kuzithibitisha

Gololi inapopita juu ya pete ya beringi, mzigo wote hubebwa na eneo dogo la mguso, ambalo katika beringi nyingi za kawaida upana wake haufiki hata milimita moja. Eneo hilo hubanwa na kuachiliwa mara mamilioni, na metali iliyo chini yake hutakiwa isibonyee, isichoke, isilike, isibadili vipimo na isipasuke. Mahitaji haya hayaendi sambamba daima: kinachoongeza moja kinaweza kupunguza jingine. Kwa hiyo, kuchagua feleji ya beringi si kutafuta iliyo ngumu kuliko zote, bali ni kuamua beringi itakufa kwa sababu gani katika kazi yake, kisha kurudi nyuma hadi kwenye sifa inayochelewesha kifo hicho.

Jambo moja lisemwe mapema. Ugumu ndio sifa inayopimwa kwa urahisi zaidi, na kwa sababu hiyo ndio unaotajwa kwanza, na pengine peke yake, katika masharti ya ununuzi. Hata hivyo, pete mbili zenye ugumu ule ule zinaweza kuishi muda unaotofautiana sana, na tofauti hiyo hutokana na usafi wa feleji na namna ilivyopashwa moto na kupozwa. Mwongozo huu unaupa ugumu nafasi yake, lakini unakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili.

Anza na mkazo, si na jina la feleji

Kabla ya kutaja daraja lolote la feleji, kokotoa shinikizo la mguso kwa kanuni za Heinrich Hertz, zilizowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na ambazo bado ni msingi wa hesabu hizi. Beringi inayofanya kazi kwa mzigo wa kawaida hupata shinikizo la juu la kati ya megapaskali 1,500 na 3,000. Kwa mzigo wa kusimama, kiwango cha ISO 76 huchukua megapaskali 4,200 kwa beringi za gololi za kawaida na megapaskali 4,000 kwa beringi za rola kuwa ndiko kunakoanza kuacha mbonyeo wa kudumu wenye ukubwa wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya kipenyo cha gololi au rola. Feleji laini ya ujenzi ingebonyea kabla ya kufika hata nusu ya shinikizo hilo.

Muhimu zaidi ni kujua mkazo huo unakaa wapi. Mkazo mkubwa wa kukata (ule unaosukuma tabaka moja la metali liteleze juu ya jingine) haupo juu ya uso, bali chini yake kidogo, na kiasi chake ni karibu asilimia 30 ya shinikizo la juu la mguso. Kwa mguso wa mstari, kama wa rola, kina chake ni takriban 0.78 ya nusu-upana wa eneo la mguso. Kwa mguso wa duara ni karibu nusu ya nusu-kipenyo chake. Kwa vipimo vya kawaida, hiyo ni sehemu chache za kumi za milimita au chini ya hapo. Tabaka hilo jembamba ndilo linaloamua maisha ya beringi yenye kilainishi kizuri, na kila sifa itakayodaiwa hapa chini inapaswa kuthibitika katika tabaka hilo, si juu ya uso tu wala katikati ya fito tu.

Hesabu ya maisha inafuata kazi ya watafiti Lundberg na Palmgren ya mwaka 1947 na 1952, ambayo inasema maisha hupungua kwa mchemraba wa mzigo kwa gololi, na kwa kipeo cha 10/3 kwa rola. Ukiongeza mzigo mara mbili, beringi ya gololi hubaki na sehemu moja ya nane ya maisha yake, na ya rola hubaki na karibu sehemu moja ya kumi. Ikumbukwe kwamba maisha hayo ni ya kitakwimu: ni muda ambao asilimia 90 ya beringi zinazofanana zitaupita. Kutawanyika huko kwa matokeo hakutokani na bahati tu, maana sehemu yake kubwa huanzia katika chembe za uchafu zilizomo ndani ya feleji.

Ugumu: weka kiwango cha chini na cha juu

Dai ugumu usiopungua HRC 58 (kwa kipimo cha Rockwell C) kwenye njia za gololi au rola, na kwa beringi nyingi lenga kati ya HRC 60 na 64. Viwango vya uwezo wa kubeba mzigo vilivyomo katika vitabu vya watengenezaji vinachukulia kwamba angalau HRC 58 imefikiwa. Ugumu ukishuka chini ya hapo, uwezo hupungua kwa kasi. Kwa kanuni inayotumika sana, uwiano wa ugumu kwa 58 hupandishwa kwa kipeo cha 3.6, hivyo pete yenye HRC 54 hubaki na karibu asilimia 77 ya uwezo wake wa mzigo, na maisha yake hushuka chini ya nusu.

Kiwango cha juu nacho kiwekwe. Pete inayopita HRC 64 au 65 mara nyingi haikupashwa tena vya kutosha baada ya kuchovywa (kupozwa ghafla, kwa kawaida katika mafuta), na huwa nyepesi kupasuka inapokazwa kwenye shafti. Baadhi ya wabunifu huacha gololi ziwe ngumu kuliko pete kwa pointi 1 hadi 2, na ni desturi nzuri pale inapowezekana. Tofauti ya ugumu ndani ya pete moja ina maana kubwa kuliko wastani wake, kwa hiyo eleza ugumu upimwe mahali kadhaa kuzunguka pete, si mahali pamoja.

Ukinzani dhidi ya kulika kwa kiasi kikubwa hufuata ugumu huu pamoja na wingi wa chembe ngumu za kabaidi (muungano wa kaboni na metali), na hauhitaji sharti la peke yake isipokuwa pale ambapo vumbi au kilainishi hafifu haviepukiki.

Usafi: mahali pa kutumia muda na fedha

Feleji ya kawaida kabisa ya kazi hii ni ile yenye takriban asilimia 1 ya kaboni na asilimia 1.5 ya kromi, ambayo katika viwango vya Ulaya huitwa 100Cr6, Marekani 52100, Japani SUJ2 na China GCr15. Imetumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mchanganyiko wake haujabadilika sana. Kilichobadilika ni usafi, na huko ndiko maendeleo makubwa ya maisha ya beringi yalikotoka.

Oksijeni iliyomo ndani ya feleji hukaa hasa katika oksidi, kwa hiyo jumla yake ni kielelezo cha haraka cha wingi wa uchafu. Viwango vya kimataifa kwa kawaida huruhusu hadi sehemu 15 kwa milioni, na viwanda vizuri vinavyoondoa gesi kwa ombwe hufikia chini ya 10. Ukipewa cheti kisichotaja oksijeni, kidai kabla ya kuendelea na jambo lingine lolote. Salfa na fosforasi ziwe chini, na titani iwekewe kikomo cha makumi machache ya sehemu kwa milioni.

Hata hivyo, jumla ya oksijeni haisemi yote, kwa sababu chembe za uchafu hazina madhara sawa. Oksidi za alumini ni ngumu, hazinyumbuki pamoja na chuma kinapoviringishwa kuwa fito, na huacha vijitundu pembeni mwake. Hizo, pamoja na matone magumu ya oksidi za kalisi na alumini, ndizo chanzo cha kawaida cha nyufa za uchovu. Chembe za naitraidi ya titani ni ndogo lakini zina pembe kali, na pembe hizo hukusanya mkazo. Salfidi za manganisi, kwa upande wake, ni laini, hurefuka pamoja na chuma, na kwa kiasi kidogo hazidhuru sana. Zipo hata hali ambapo salfidi hulifunika chembe la oksidi na kulipunguzia ukali. Kwa hiyo sharti linalosema tu kwamba feleji iwe safi ni sharti tupu. Andika aina ya chembe, ukubwa wake na wingi unaokubalika, ukitumia mgawanyo wa ISO 4967 au ASTM E45: kundi A kwa salfidi, B kwa oksidi za alumini zilizojipanga mstari, C kwa silikati, na D kwa oksidi za mviringo.

Udhaifu wa vipimo hivyo vya hadubini ni kwamba vinatazama eneo dogo sana, ilhali beringi huuawa na chembe moja kubwa iliyokaa vibaya ndani ya tabaka la mkazo. Chembe hiyo adimu huenda isionekane kamwe katika sampuli. Pale ambapo kuharibika kwa beringi ni hatari au ni gharama kubwa, ongeza mambo mawili: ukaguzi wa fito zote kwa mawimbi ya sauti ya masafa ya juu, na makadirio ya kitakwimu ya chembe kubwa kuliko zote inayotarajiwa katika ujazo wa feleji, yakitokana na chembe kubwa iliyopatikana katika kila sampuli ya mfululizo. Kwa beringi za injini za ndege huenda mbali zaidi, na feleji huyeyushwa katika ombwe na kisha kuyeyushwa tena katika ombwe kwa umeme wa tao, utaratibu ambao gharama yake haina maana kwa pampu ya maji.

Uliza pia ni kwa kiasi gani fito imepunguzwa kutoka kwenye bonge lililoganda. Kuviringisha na kufua huvunja mikusanyiko ya kabaidi iliyojitenga katikati ya bonge na kuifanya feleji iwe shwari zaidi. Huacha pia mwelekeo wa nyuzi ndani ya metali, na mahali nyuzi hizo zinapokatwa na kutokeza juu ya uso ndipo uchovu unapopenda kuanzia. Gololi zinazofuliwa kutoka kwenye waya huwa na ncha mbili za namna hiyo, jambo ambalo huwasumbua watengenezaji wake hadi leo.

Muundo wa ndani na utulivu wa vipimo

Feleji ya 100Cr6 hufika kiwandani ikiwa imelainishwa ili ikerezeke, ikiwa na ugumu ulio karibu na 200 kwa kipimo cha Brinell na kabaidi zake zikiwa vijiduara vilivyotawanyika sawasawa. Usikubali fito ambayo kabaidi zake zimejipanga kama wavu kuzunguka punje za metali, kwa sababu wavu huo hauondoki kwa kupashwa moto kwa kawaida, na ufa huufuata kwa urahisi kama maji yanavyofuata mfereji.

Baada ya kukerezwa, pete hupashwa hadi karibu nyuzi 840 za Selsiasi, huchovywa katika mafuta yenye joto la karibu nyuzi 60, kisha hupashwa tena kwa nyuzi 150 hadi 180. Katika nyuzi hizo 840 kabaidi haziyeyuki zote, na hilo ni jambo linalotakiwa: zinazobaki huzuia kulika na huzuia punje za metali zisikue. Ukipasha kupita kiasi, kabaidi nyingi zaidi huyeyuka, punje hukua, na kaboni nyingi ndani ya metali huacha ostenaiti nyingi (muundo wa feleji iliyo moto sana, ambao haukugeuka ilipopozwa) baada ya kuchovya.

Ostenaiti hiyo iliyobaki ndiyo suala ambalo wengi hulipita haraka. Katika pete iliyofanyiwa utaratibu wa kawaida huwa asilimia 10 hadi 15, na haiko tulivu. Kwa joto na mkazo hugeuka polepole, na inapogeuka hutanuka. Kila asilimia 1 inayogeuka huongeza kipenyo kwa takriban sehemu moja ya elfu kumi, yaani karibu mikroni 10 kwa pete ya kipenyo cha milimita 100. Beringi ambayo nafasi yake ya ndani ni mikroni 20 au 30 haiwezi kuvumilia mabadiliko makubwa ya namna hiyo, na pete ya ndani iliyokazwa vizuri siku ya kwanza inaweza kulegea juu ya shafti baada ya muda.

Kwa hiyo uliza joto halisi la kazi, si joto la chumba. Beringi zisizotulizwa zaidi ya kawaida hutosha hadi takriban nyuzi 120. Zikitakiwa kufanya kazi kwa nyuzi 150, 200 au zaidi, dai pete zilizopashwa tena kwa joto la juu kuliko hilo ili ostenaiti imalizike mapema. Alama za S0 na S1 zinazoonekana kwenye baadhi ya beringi zina maana ya utulivu hadi nyuzi 150 na 200. Gharama yake ni ugumu kidogo, na wakati mwingine uwezo mdogo wa mzigo. Kwa upande mwingine, usikimbilie kuiondoa ostenaiti yote kila mahali: katika kilainishi chenye mchanga au chembe za chuma, kiasi chake juu ya uso husaidia, kwa sababu kingo za mbonyeo uliosababishwa na chembe hizo hulainika badala ya kupasuka. Maamuzi haya mawili hupingana, na hapa ndipo busara ya mbunifu hupimwa.

Ushupavu: gumu juu, vumilivu ndani

Feleji ya kaboni nyingi iliyogumishwa hadi ndani haina ushupavu mkubwa. Ukinzani wake dhidi ya kuenea kwa ufa ni karibu megapaskali 15 hadi 20 mara mzizi wa pili wa mita, kiasi kidogo ukilinganisha na feleji za mashine. Hilo halina shida kwa mota ya umeme. Lakini kwa beringi za viwanda vya kuviringisha chuma, kwa magurudumu yanayopigwapigwa, au kwa pete zinazokazwa kwa nguvu kubwa kwenye shafti, chagua feleji ya kaboni kidogo, kama asilimia 0.2, yenye nikeli, kromi na molibdeni, kisha uso wake uongezewe kaboni hadi karibu asilimia 0.8 au 1. Uso hufikia HRC 58 na zaidi ilhali kiini hubaki kati ya HRC 30 na 45, na kwa sababu uso ndio unaogeuka muundo mwisho wakati wa kupozwa na kutanuka, hubaki ukiwa umebanwa. Mkazo huo wa kubana hufunga nyufa ndogo. Sharti la lazima ni kina cha tabaka gumu: lipite mara kadhaa kina cha mkazo mkubwa wa kukata uliokokotolewa mwanzoni, la sivyo tabaka litasagika kutoka chini.

Njia ya kati ni kuigeuza 100Cr6 kuwa beinaiti (muundo wa feleji wenye ushupavu zaidi) katika chumvi iliyoyeyuka yenye joto la nyuzi 220 hadi 240 kwa saa kadhaa. Ugumu hushuka kidogo, ushupavu huongezeka, na uso hubaki na mkazo wa kubana. Kwa pete kubwa sana zinazogeuza mitambo kama korongo, feleji ya aina ya 42CrMo4 hugumishwa kwa umeme kwenye njia za gololi tu.

Zingatia pia unene. Feleji ya 100Cr6 ya kawaida haigumiki hadi katikati ikiwa ukuta ni mnene. Ukipita takriban milimita 25 katika mafuta, chagua aina yenye manganisi, silikoni au molibdeni zaidi.

Kutu na joto kali

Maji yakifika, ugumu hausaidii. Feleji isiyoshika kutu ya 440C, yenye kaboni karibu asilimia 1 na kromi asilimia 16 hadi 18, hufikia HRC 58 na kidogo zaidi, lakini kabaidi zake kubwa hufupisha maisha ya uchovu na huongeza kelele. Aina zenye kaboni ndogo zaidi, au zenye naitrojeni kama X30CrMoN15-1, huwa na kabaidi nyembamba na hukinza kutu vizuri zaidi. Feleji ya 316, ijapokuwa haishiki kutu, ni laini mno kwa njia za gololi, na ni bora isitajwe kabisa katika kazi yenye mzigo.

Joto likipita nyuzi 200 na kitu, tafuta feleji inayobaki ngumu ikiwa moto. M50, yenye molibdeni zaidi ya asilimia 4, kromi asilimia 4 na vanadi asilimia 1, hutumika katika shafti kuu za injini za ndege na huvumilia hadi takriban nyuzi 315.

Kuthibitisha ulichoagiza

Panga ukaguzi kwa kufuata mkondo wa utengenezaji. Kwa fito: cheti cha myeyusho chenye mchanganyiko wa kemikali pamoja na oksijeni na titani, daraja la chembe za uchafu, umbo la kabaidi, na ukaguzi wa sauti. Kwa pete zilizogumishwa: ugumu mahali kadhaa, ukubwa wa punje, ostenaiti iliyobaki iliyopimwa kwa miale ya eksirei, na kwa zile zilizoongezewa kaboni, mkondo wa ugumu kutoka juu kuelekea ndani.

Kwa pete zilizokwisha kusagwa kwa jiwe, fanya jaribio la kuchovya katika asidi ya nitriki iliyochanganywa na alkoholi kwa sampuli kutoka kila kundi. Jiwe lililoziba au lililosukumwa kwa nguvu huunguza uso: mahali palipolegezwa ugumu huonekana peusi, na mahali palipogumishwa upya huonekana peupe, mara nyingi pakiwa na nyufa pembeni. Pete ya feleji safi kabisa, iliyochovywa na kupashwa kwa ustadi, huharibiwa na hatua hii ya mwisho, na kipimo cha Rockwell mara nyingi hakioni kwa sababu ncha yake hupita tabaka lililoungua na kusoma metali nzuri iliyo chini. Baada ya asidi, osha sampuli na uzipashe kwa joto la chini ili kuitoa hidrojeni iliyoingia, au uzitupe; zisirudishwe kwenye kundi la kuuzwa bila kupashwa hivyo, kwa kuwa hata hidrojeni ya sehemu chache kwa milioni inatosha kuanzisha nyufa katika feleji yenye ugumu huu.